Hema la kifahari na mbwa: Marangu au Tengeru?

Hifadhi za taifa haziruhusu mbwa, kwa hiyo familia yenye mbwa hulala nje ya lango: Marangu, juu ya Moshi, au Tengeru, chini ya Mlima Meru.

Mimi nachagua Marangu. Vijia vinapita kati ya migomba na kahawa, na maji ya mifongo, ile mifereji ya Wachaga, yanatiririka kando. Mbwa wetu, Chui, husimama kila hatua kunywa. Ila mashamba yana wenyewe, kuku na mbuzi wapo, kamba isitoke mkononi. Julai baridi ni kali. Hata hema likiwa na kitanda kizuri na maji ya moto, mbebee mbwa blanketi lake. Alfajiri mawingu yakifunguka, Kibo, kilele cha Kilimanjaro, inang'aa nyeupe na watoto wanatoka mbio peku.

Tengeru kufika ni rahisi, lami tupu, na Ziwa Duluti liko jirani. Wenye watoto wachanga waende huko.

Kokote uendako, kagua kupe masikioni na katikati ya vidole. Na kabla ya kulipa, uliza mbwa atalala wapi hasa. Sisi tuliwahi kuambiwa "mleteni tu", tulipofika tukaonyeshwa banda la kuku.