Pakiti ya virutubishi ya gramu 1: ubora wake huamuliwa mezani

Kati ya bidhaa zinazotolewa kwa ajili ya kuboresha chakula cha mtoto mdogo, pakiti ya unga wa virutubishi ndiyo tunayoiona ikileta faida kubwa kwa kazi ndogo. Ni kifuko cha gramu 1 chenye vitamini na madini ya siku nzima, na unga wake humwagwa kwenye chakula kile kile kilichopikwa nyumbani. Hakuna sufuria ya pili, hakuna chakula maalumu cha kununua. Lakini ina masharti yake. Ikitumiwa inavyopaswa, humkinga mtoto na upungufu wa damu. Ikitumiwa ovyo, chakula hubadilika rangi na ladha, mtoto hukikataa, na wiki haiishi kabla familia haijaziweka pakiti pembeni ikiamini kwamba unga ni mbovu. Mara nyingi unga hauna kosa.

Ilibuniwa Toronto, Kanada, katika miaka ya 1990, na daktari wa watoto Stanley Zlotkin na wenzake. Walikuwa wakitafuta mbadala wa dawa ya chuma ya matone, ambayo huacha madoa kwenye meno, ina ladha kali ya metali, ni rahisi kukosea kipimo chake, na watoto wengi huitema. Jibu lao lilikuwa kukitoa chuma kwenye chupa ya dawa na kukiingiza kwenye mlo.

Aina inayotumika zaidi ina virutubishi 15. Kwenye lebo utakuta chuma miligramu 10, zinki 4.1, vitamini C 30, vitamini A mikrogramu 400, vitamini D 5, iodini 90 na seleni 17, pamoja na shaba, vitamini E, asidi ya foliki na vitamini za kundi B, B12 ikiwemo. Mhimili wa yote ni chuma. Mtoto huzaliwa na akiba ya chuma inayomtosha takriban miezi 6, na maziwa ya mama, pamoja na ubora wake wote, yana chuma kidogo sana, kama miligramu 0.3 kwa lita. Akishatimiza miezi 6, chuma lazima kitoke kwenye chakula, na hapo ndipo penye ugumu: tumbo lake hubeba gramu 30 hivi kwa kila kilo ya uzito wake. Mtoto wa kilo 8 hula gramu 240 kwa mlo, basi. Uji wa nafaka peke yake hauwezi kubana mahitaji yake ya chuma ndani ya nafasi hiyo, hata ungekuwa mzito namna gani.

Chuma kilichomo ni cha aina iitwayo feri fumarati, na kila chembe yake imevikwa ganda jembamba la mafuta. Ganda hilo huficha ladha ya metali na hukizuia chuma kuharibu vitamini zilizo jirani nacho ndani ya kifuko. Huyeyuka kwenye joto la nyuzi 60 hivi za Selsiasi. Ukishalijua hilo moja, karibu masharti yote ya matumizi unaweza kuyatunga mwenyewe.

Pika kama kawaida, mpakulie mtoto kwenye bakuli lake, kisha subiri. Mvuke ukiwa bado unapanda, ni mapema mno. Weka tone la chakula upande wa ndani wa mkono, karibu na kiganja; likiwa na uvuguvugu tu, bila kukuchoma, endelea. Hapo tenga vijiko viwili au vitatu vya chakula pembeni mwa bakuli. Tikisa pakiti ili unga ushuke chini, chana upande wa juu, mwaga wote kwenye ile sehemu uliyoitenga, na uchanganye mpaka usione tena chembe. Mlishe sehemu hiyo kwanza, angali na njaa. Ikiisha, mpe kilichobaki ambacho hakina unga. Wengi huchanganya bakuli zima, mtoto anashiba katikati, na nusu ya virutubishi inaishia jalalani. Wanaofanya hivyo kila siku hushangaa miezi miwili baadaye kuona kipimo cha damu hakijapanda vya kutosha.

Chakula kilichochanganywa kiliwe ndani ya dakika 30. Baada ya hapo chuma huanza kupenya kwenye chakula, rangi inageuka, na ile ladha iliyokuwa imefichwa inatoka. Kwa sababu hiyo hiyo, usikirudishe motoni kikipoa, wala usichanganye asubuhi chakula cha kuliwa mchana.

Kosa linaloonekana kuwa la busara, na ndilo baya kuliko yote, ni kumwaga pakiti kwenye sufuria ya familia wakati chakula kinachemka ili kila mtu anufaike. Moto huyeyusha ganda, vitamini C na asidi ya foliki hupungua, na kipimo cha mtu mmoja mdogo kinagawanywa kwa watu sita. Hakuna anayepata cha maana. Kugawa pakiti moja kwa watoto wawili nako ni hivyo hivyo: kila mtoto na pakiti yake, au basi.

Uzito wa chakula nao una maana. Kinachofaa ni kile kinachong'ang'ania kijiko ukikiinamisha: uji mzito, viazi vilivyopondwa, wali uliolainishwa, maharage yaliyosagwa. Usiuweke unga kwenye maziwa, chai, maji wala supu nyepesi. Zile chembe za chuma zenye mafuta huelea juu na kuganda kwenye kingo za kikombe. Mtoto anakunywa kimiminika, chuma kinabaki ukutani. Tunawashauri wanaotumia chupa ya kunyonyea waachane kabisa na wazo la kuutia humo.

Kuhusu rangi, tuwe wakweli: haiwezekani kuizuia kila mara. Ndizi iliyopondwa hugeuka kijivu upesi, maharage na vyakula vingine vyenye tanini (kemikali ya mimea inayoungana na chuma) huweza kuwa vyeusi kidogo, na uji mweupe hupata vidoa vya njano na kahawia. Havina madhara. Mtoto anayekagua chakula chake kwa macho, mchanganyie kwenye kitu chenye rangi nzito tayari, kama boga, karoti au mboga za majani zilizosagwa.

Mwilini pia chuma kina marafiki na maadui. Vitamini C iliyomo kwenye pakiti husaidia kukifyonza, na kipande cha tunda chachu pembeni ya mlo huongeza msaada. Nyama, samaki na kuku hufanya vivyo hivyo, hata kwa vipande vidogo. Chai hukifunga chuma, kwa hiyo isikaribie mlo huo. Ikibidi, iwe saa moja au zaidi mbali nao, ingawa kwa mtoto wa umri huu afadhali isiwepo kabisa. Kalsiamu nyingi ya maziwa ya ng'ombe nayo hupunguza ufyonzaji, hivyo chagua mlo usio na maziwa hayo. Kunyonya kuendelee kama kawaida. Nafaka na jamii ya kunde zina fitati, inayoshika chuma na zinki zisifyonzwe. Kuloweka, kuotesha au kuchachusha kabla ya kupika huipunguza, na maji ya kulowekea yamwagwe. Hatua hii haigharimu chochote, nasi hatuoni kwa nini mtu anunue pakiti kisha airuke.

Siku za mwanzo tegemea choo cheusi. Ni chuma ambacho hakikufyonzwa, hakina ubaya. Baadhi ya watoto hupata choo laini au kufunga choo kwa siku chache, kisha hali hutulia. Mama asipoambiwa mapema atadhani mwanawe anaumia na ataacha, kwa hiyo mhudumu anayegawa pakiti bila kulisema hili ameifanya kazi nusu. Kuhara kukizidi au kukiambatana na damu au homa, hilo ni suala la kituo cha afya, na lisisingiziwe unga.

Je, inafanya kazi? Kwa damu na chuma, ndiyo. Mapitio ya tafiti ya mwaka 2020 ya Cochrane, mtandao wa kimataifa wa wataalamu wanaochambua tafiti za afya, kuhusu watoto wa miezi 6 hadi 23 yalikuta hatari ya upungufu wa damu ikishuka kwa asilimia 18 na ya upungufu wa chuma kwa asilimia 53. Tofauti ya namba hizo ina sababu: upungufu wa damu hutokana pia na malaria, minyoo, magonjwa ya kurithi ya chembe nyekundu na maambukizi, ambayo hayatibiwi na unga. Kwa urefu na uzito, hakuna faida iliyothibitika. Na hilo lisimshangaze mtu, kwani gramu 1 haina nishati wala protini ya kuhesabika. Anayeahidi kwamba pakiti itamnenepesha mtoto anadanganya. Mtoto aliyekonda anahitaji chakula zaidi, mafuta kidogo kwenye uji, mayai, karanga zilizosagwa laini, na milo ya mara kwa mara.

Kuna aina mbili nyingine utakazokutana nazo. Ya kwanza ina virutubishi vitano tu: chuma miligramu 12.5, zinki 5, vitamini A mikrogramu 300, vitamini C miligramu 30 na asidi ya foliki mikrogramu 160. Inatosha pale ambapo shida kubwa ni damu na chakula kingine ni cha aina mbalimbali. Ya pili ina chuma kidogo, miligramu 2.5, kilichofungwa na EDTA, kemikali inayokishika chuma, ili kifyonzwe vizuri zaidi mbele ya fitati. Hii inawafaa walaji wa nafaka nyingi, na chuma kidogo humaanisha chembe chache zinazobaki tumboni bila kazi. Bado, mlo wa mtoto ukiwa duni kwa jumla, sisi tungechukua ile ya 15, kwa kuwa anayekosa chuma ni nadra akose hicho peke yake.

Unga wa nafaka uliorutubishwa kiwandani haushindani na pakiti. Kiwango chake kimepangwa kwa mtu mzima anayekula unga mwingi. Mtoto wa mwaka mmoja hula kiasi kidogo mno kuweza kunufaika sawa. Familia iendelee na unga huo pamoja na chumvi yenye iodini, na mtoto apate pakiti yake.

Wapo wasiopaswa kupewa. Mtoto anayetibiwa utapiamlo mkali kwa chakula dawa tayari anapata chuma na vitamini humo, asiongezewe. Anayekula nafaka ya watoto iliyorutubishwa au maziwa ya kopo kila siku, soma lebo kwanza; huenda mahitaji yake yamekwisha kufikiwa. Mwenye selimundu au thalasemia, magonjwa ya kurithi ya damu, aamuliwe na daktari wake. Mjamzito naye asijidanganye kwamba pakiti itamtosha: Shirika la Afya Duniani linapendekeza kwake chuma miligramu 30 hadi 60 kwa siku na asidi ya foliki mikrogramu 400.

Penye malaria sharti ni kali zaidi. Utafiti uliofanyika Pemba na kuchapishwa mwaka 2006 ulionyesha kwamba watoto waliopewa vidonge vya chuma na asidi ya foliki, hasa wasiokuwa na upungufu wa chuma, walilazwa au kufariki zaidi. Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani husema chuma kitolewe sambamba na kinga, upimaji na tiba ya malaria. Chandarua na kipimo cha homa viwepo kabla ya pakiti. Mtoto mwenye homa apimwe kwanza, asimamishiwe pakiti mpaka apone.

Kifungashio ni cha karatasi ya alumini, nasi tunakisifu, kwani mwanga na unyevu huharibu vitamini A na C upesi. Kabla ya kuchana, bonyeza kwa vidole: unga mzuri unateleza ndani. Ukihisi mabonge, unyevu umeingia, tupa. Hifadhi pakavu, mbali na jiko na dirisha lenye jua, na uangalie tarehe ya mwisho wa matumizi. Kipimo kimoja kwa kila kifuko ni ulinzi pia: mtoto wa kilo 10 angehitaji kula pakiti 20 kwa mkupuo ndipo afikie miligramu 200 za chuma, kiwango ambacho dalili za sumu huanza. Chupa ya dawa ya maji haina kizuizi hicho. Hata hivyo sanduku liwe juu, mikono midogo isipofika.

Ratiba inayopendekezwa ni pakiti 90 ndani ya miezi 6, na isizidi moja kwa siku. Hesabu hiyo inaruhusu kuruka siku. Ukisahau leo, kesho toa moja tu; mbili kwa pamoja huongeza ladha ya metali na maumivu ya tumbo, na mwili hufyonza sehemu ndogo tu ya nyongeza. Lililo bora ni kuifunga pakiti na mlo mmoja usiobadilika, ule ambao mtoto huwa na njaa zaidi na mlishaji ni yule yule.