Nimelipia utafiti wa ukoo wa wachimba madini wa Cornwall, nikaletewa babu aliyezikwa na miaka miwili

Mtu aliyezikwa 1808 akiwa na miaka miwili hawezi kuoa, hawezi kushuka mgodini, na hawezi kuwa na watoto saba kwenye sensa ya 1841. Naanza na hilo kabisa ili ujue nyota moja hapo juu imetoka wapi, na hiyo moja yenyewe ni kwa sababu mfumo umekataa nisiweke chochote.

Jina la kampuni silitaji, na kusema kweli siyo kampuni, ni mzee mmoja na tovuti yake, anajiita mtafiti wa koo, unamlipa anakuchimbulia vitabu vya kanisa na sensa za Uingereza halafu anakuletea ripoti. Mama mkwe wangu ni mtu wa Cornwall, kule kusini magharibi ambako nchi inaishia baharini, na tangu niolewe nasikia tu "watu wetu walikuwa wa migodini", basi, ukiuliza mgodi gani, kijiji gani, hakuna ajuaye. Mimi mtu wa Tanga, kwetu ukiwa hujui babu zako mpaka wa tatu wa nne watu wanakushangaa, nikasema besdei ya mama safari hii tusimpe tena maua na chokoleti, tumtafutie watu wake. Hela nikatoa mimi, mfukoni kwangu, hilo mlishike maana linakuja mbele.

Ripoti ilipokuja ilipendeza, siwezi kumnyima. Karatasi nzito, mti wa ukoo umechorwa kwa wino wa dhahabu, picha za yale majumba ya injini yaliyobaki magofu, kurasa na kurasa za mgodi wa Dolcoath na jinsi watu walivyoshuka kwa ngazi na mshumaa umebandikwa kwenye kofia kwa udongo. Mama akasoma akalia. Mimi nikasoma nikaona huyu mtu kurasa nyingi ni historia ya Cornwall ambayo ungempa mtu yeyote mwenye babu mchimbaji, sehemu ya familia YETU ni nyembamba kama karatasi ya sigara.

Sasa kazi yangu ni mafaili ya hospitali, mwandiko wa madaktari nausoma kutwa nzima, siogopi karatasi chafu. Nikaanza kumfuata huyo William, babu yake babu yake mama kwa hesabu ya ripoti. Jina la ukoo nalificha kwa heshima ya wakwe, ila ni yale ambayo Cornwall yamejaa, aina ya Thomas, Williams, Richards, ukipiga jiwe sokoni Redruth, mji wa migodi wa huko, miaka ile unampata William mwenye jina hilo.

Ripoti inasema hivi: sensa ya 1841, parokia ya Gwennap, William, mchimbaji wa shaba, miaka 35. Kwa hiyo alizaliwa 1806. Yule mzee akaenda kwenye daftari la ubatizo la Gwennap, akakuta William kabatizwa 1806, baba fulani, mama fulani, safi, kazi imekwisha, akapanda naye juu vizazi vingine vitatu mpaka miaka ya 1700 huko.

Jamani. Sensa ya 1841 umri wa watu wazima UNASHUSHWA. Makarani waliambiwa mtu akizidi miaka 15 wamwandike kwa tano tano kwenda chini, wa 36, 37, 38, 39 wote wanaandikwa 35. Siyo siri ya kichawi, ni kitu cha kwanza unachokutana nacho ukianza kusoma mambo haya, mimi nimekijua jioni moja nikiwa jikoni. Kwa hiyo huyo William amezaliwa popote kati ya 1801 na 1806. Halafu sensa hiyo haisemi mtu kazaliwa parokia gani, inauliza tu kama kazaliwa kaunti hii, ndiyo au hapana. Wala haisemi nani ni nani wa nani ndani ya nyumba. Ndiyo maana kila mtu anakwambia usijenge ukoo juu ya 1841 peke yake, nenda 1851, huko ndiko wameandika parokia ya kuzaliwa na uhusiano na mkuu wa kaya.

Na yeye 1851 hakwenda! Kaandika "haikupatikana". Nimeipata mimi. Bure. Kwenye FreeCEN, tovuti ya sensa zilizonakiliwa, kazi ya watu wanaojitolea, hawakudai hata senti. Kilichotokea ni kwamba aliyenakili hiyo kurasa kasoma herufi ya kwanza ya jina la ukoo vibaya, basi ukitafuta kwa jina hupati. Mimi nikaacha jina la ukoo kabisa, nikaweka Gwennap, nikaweka majina ya watoto na umri wao, wakaja wote mstari mmoja baada ya mwingine kama vile walikuwa wananisubiri. William, miaka 48, mchimbaji wa shaba, mahali alipozaliwa: ILLOGAN. Siyo Gwennap. Illogan ni ng'ambo ya pili ya Redruth, siyo mbali, ila ni parokia nyingine, daftari lingine, wazazi wengine, ukoo mwingine!

Na kwenye kurasa hiyohiyo kuna binti yao wa miaka 16, kazi yake imeandikwa, ni wa kuponda mawe ya shaba. Hawa kina dada wenyeji waliwaita bal maidens, walikaa juu ya mgodi na nyundo wanapasua mawe kutenga yenye madini, mvua ijue yenyewe. Mama mkwe alikuwa hajui kama wanawake wa kwao nao walifanya kazi ya mgodi. Ripoti nzima ya dhahabu haina mwanamke hata mmoja mwenye kazi, wote ni "mke wa" na "binti wa". Hili liliniuma kivyake.

Nikarudi kwa yule William wa Gwennap nikitaka tu kujua aliishia wapi masikini. Kuna Cornwall Online Parish Clerks, hao nao wa kujitolea, wamenakili vitabu vya kanisa parokia kwa parokia. Nikatafuta maziko. 1808, William, mwana wa haohao fulani na fulani. Kazikwa. Nikakaa kimya. Mume wangu akauliza kuna nini nikamwambia babu yenu kafa mdogo sana.

Nikampigia simu yule mtafiti. Sikwenda kwa shari, naapa, nilitaka aniambie labda kuna kitu sikioni. Akanisikiliza kidogo halafu akauliza, "Samahani, wewe ni nani kwenye familia?" Nikamwambia mke wa mjukuu. Akasema, taratibu, kwa ile sauti ya kumwongelesha mtoto, basi ingekuwa vyema aongee na mume wangu, maana vitabu hivi vya Kiingereza vinataka jicho lililozoea. Mume wangu alikuwa pale anaosha vyombo, simu iko kwenye spika. Akajibu bila kugeuka: ongea naye yeye, ndiye aliyelipa, mimi sijui lolote. Kimya. Halafu yule mzee akaniambia kuna "tofauti za kawaida" kwenye rekodi. Tofauti za kawaida! Mtoto kuzikwa ni tofauti ya kawaida?

Ila nitende haki, alitoa hoja moja na ni ya kweli. Watu wa zamani mtoto akifa, anayefuata wanampa jina lilelile. Inawezekana kabisa kulikuwa na William wa pili wa wazazi haohao. Nikasema sawa, hilo sina cha kubisha, nikaenda kuangalia. Baada ya 1808 wale wazazi wamebatiza mabinti na John mmoja. William hakuna. Na hata angekuwepo angezaliwa baada ya 1808, sasa 1841 angekuwaje na 35? Hoja ikafia hapo.

Tulikwenda mpaka Redruth wenyewe, Kresen Kernow, ile nyumba ya kumbukumbu za Cornwall, zamani ilikuwa kiwanda cha bia. Hao nawapa nyota zote mlizonazo. Dada mmoja pale hakuniuliza mimi ni nani wa nani, aliuliza tu natafuta mwaka gani. Ubatizo wa Illogan tukaupata, 1803, inaingia sawasawa na ile 48 ya 1851. Kabla ya 1813 vitabu hivi havina fomu, kasisi anaandika anavyojisikia, tarehe, mwana wa fulani na fulani, amemaliza. Fomu za kuchapwa zenye kazi ya baba na mahali wanapoishi zilikuja 1813. Na ndoa za kabla ya Julai 1837 hazitaji baba wa bwana harusi, kwa hiyo ukikosea ubatizo hakuna mahali pengine pepesi pa kukurekebisha, umepotea moja kwa moja, na ndiyo maana siwezi kumsamehe kwa kubahatisha pale. Ndoa ya William tukaiona, kaweka alama ya X badala ya sahihi, na mkewe X. Mama mkwe aliishika ile picha muda mrefu.

Hapa nilitaka kupandisha nyota ziwe mbili, hata tatu, kwa sababu kuna kitu yule mzee alikifanya ambacho mimi peke yangu nisingekijua. Watoto wakubwa wa William hawapo kwenye vitabu vya kanisa la Anglikana kabisa. Yeye alijua pa kutafuta: wachimbaji wengi wa Cornwall walikuwa Wamethodisti, na madaftari ya makanisa yao ya zamani yalikabidhiwa serikalini baada ya 1837, leo yako Kew, London, kwenye Hifadhi ya Nyaraka za Taifa. Akawapata watoto wote huko, na tarehe zao. Kazi nzuri, namsifu, ningelipia hiyo peke yake bila kunung'unika.

Nikawa nimeshaanza kuandika "nyota tatu, ana ujuzi ila hana umakini", ndipo nikarudia ukurasa wa John.

John ni mtoto wa William, wa 1839, huyu hana utata, cheti cha serikali kipo. Ripoti inasema sensa ya 1871 mkewe yuko nyumbani na watoto, mume hayupo, na kwamba "inasadikika alifariki katika ajali ya mgodi". Inasadikika na nani? Mama mkwe aliwasha mshumaa kwa ajili ya John! Nikafungua picha ya sensa ya 1871 yenyewe. Safu ya hali ya ndoa, mkewe kaandikwa ameolewa. Hakuandikwa mjane. Kazi: mke wa mchimbaji. Karani kakaa mlangoni kaambiwa mume yupo hai, hayuko hapa tu.

Na mtu yeyote anayejua Cornwall kidogo angejiuliza, mwaka 1866 bei ya shaba ilianguka, migodi ya Gwennap na majirani zake ikafungwa mmoja baada ya mwingine, wanaume wakapanda meli, Michigan, California, Mexico, Australia ya Kusini. Wakaacha wake nyumbani wanasubiri hela, kama vijana wetu wanavyokwenda Dubai na Muscat leo. Nyumba bila baba 1871 siyo lazima ni msiba.

Sensa ya 1881 iko bure kwenye FamilySearch, tovuti ya kutafuta koo. Nikaandika jina. John, mchimbaji wa BATI sasa, yupo mezani kwake na mke wake na watoto, na kitinda mimba wao wa kike kaandikwa kazaliwa Moonta, Australia ya Kusini. Moonta ni mji wa migodi ya shaba, Wacornwall walijaa kule. Maana yake mke wa John aliwakusanya watoto akamfuata mumewe ng'ambo ya dunia, akazaa huko, wakarudi wote. Hicho ndicho kisa kikubwa kuliko vyote kwenye ukoo mzima! Na babu yake mama, aliyekuwa na miaka mitatu kwenye ile sensa ya 1871, basi naye alivuka bahari akiwa mtoto na hakuna aliyewahi kumwambia mama. Yule mzee kakiua kisa kwa neno "inasadikika" ili aweke picha nyingine ya mgodi.

Nimesikia wengine wakisema wamehudumiwa naye vizuri, hasa wenye majina ya ukoo adimu, na naamini, ukiwa na jina lisilofanana na la mtu huwezi kupotea sana. Kama ukoo wako ni wa Kimethodisti na una jina la peke yako labda mtumie, usimlipe yote mwanzoni. Hapana, hata hivyo usimtumie. Nilipokuwa naandika hili nimekumbuka tena ile "jicho lililozoea" na mikono imeanza kunitetemeka.

Nilimtumia yote kwa imeli, 1851, maziko, Illogan, 1881, kila kitu na picha zake. Hakunijibu muda. Juzi imekuja imeli, hakuna salamu, imeandikiwa mume wangu, anashukuru kwa "taarifa za ziada kutoka kwa familia" na ameambatanisha ankara ya kuchora mti upya. Kwa wino wa dhahabu, hiari, bei yake pembeni. Mume wangu amenipa mimi niijibu.