Okidi yangu ya Lang'ata: miezi kumi na sita, maua mara mbili

Nilikuwa nanunua waridi kila Jumamosi, shada la shilingi mia tatu, na Ijumaa ikifika yameshainamisha vichwa. Februari mwaka jana nikasema hapana, hela hizo nizikusanye ninunue kitu cha kukaa. Nikatoka kwenye kitalu kimoja kando ya Ngong Road, hapa Nairobi, na okidi nyeupe, maua saba yamefunguka na matumba manne yanangoja, shilingi 2,800. Ua la mwisho lilidondoka katikati ya Mei. Wiki kumi na tatu! Waridi za muda huo zingenila shilingi 3,900, kwa hiyo hata kama ingekufa siku hiyo, pesa yangu ilikuwa imerudi.

Haikufa, ingawa ilikaribia.

Aina yenyewe ni ile iliyojaa kwenye vitalu vyetu, wataalamu wanaiita Phalaenopsis, yaani inayofanana na nondo. Itazame jioni taa ikiwa nyuma yake utaelewa: petali mbili pana zimetanda kama mabawa. Kwao ni misitu ya joto ya kusini-mashariki mwa Asia, Ufilipino na Indonesia huko, na haioti ardhini. Hushika gome la mti bila kuunyonya, mizizi iko hewani, mvua inainyeshea, upepo unaikausha. Jambo hili ningeambiwa siku ya kununua ningeepuka taabu yote iliyofuata. Badala yake muuzaji aliniambia, "Mama, mwagilia tu kama maua mengine," na akanipa mmea ndani ya chungu kizuri cha kauri kisicho na tundu hata moja.

Aprili majani yakaanza kukunjamana na kulegea kama ngozi ya embe lililokaa sana. Nikadhani ni kiu, nikazidisha maji. Dada yangu alipokuja kututembelea ndiye aliyesema, "Hebu itoe tuone chini." Tope lilinuka. Nusu ya mizizi ilikuwa ya kahawia, ukiubana mmoja ganda linachomoka kama soksi na mkononi unabaki uzi mwembamba. Tulikata yote iliyooza kwa mkasi uliofutwa kwa spiriti, tukaupanda upya kwenye kopo la plastiki linaloonyesha ndani, lenye matundu chini, tukajaza vipande vya magome ya mti vilivyochanganywa na makaa yaliyovunjwavunjwa. Udongo hata kijiko hatukutia.

Hilo kopo ndilo ningemwambia mtu anunue kabla ya kitu kingine chochote. Mzizi mzima ukiwa mkavu una rangi ya kijivu inayong'aa kama bati jipya. Umwagie maji, usimame hapo hapo: unageuka kijani mbele ya macho yako. Basi mimi sina ratiba. Asubuhi nachungulia kopo. Nikiona kijani, au umande umeshika ukuta wa plastiki, naondoka. Mizizi ikiwa ya kijivu yote na kopo limekuwa jepesi, naipeleka kwenye sinki, naimwagilia hadi maji yatiririke chini, naiacha ichuruzike kabisa. Miezi ya joto ni mara moja kwa wiki, Julai hufika siku kumi au zaidi. Maji yakituama katikati ya majani nayanyonya kwa kipande cha pamba, maana moyo wa mmea ukioza hakuna la kufanya.

Ploti yetu hutumia maji ya kisima cha kuchimbwa, yana chumvi, na baada ya miezi miwili magome yalifanya utandu mweupe. Sasa mvua za masika nakinga jerikeni mbili.

Mwanga nao una mambo yake. Maelekezo mengi yameandikwa na watu wa Ulaya na Marekani, wanaohimiza hili dirisha na kulikataza lile. Sisi tuko karibu kabisa na ikweta: Juni jua linapita upande wa kaskazini, Desemba linapita kusini, kwa hiyo dirisha lililokuwa na kivuli linaweza kuunguza jani miezi sita baadaye. Langu la mashariki limenifaa mwaka mzima, jua la asubuhi likichujwa na pazia jepesi.

Mbolea ni ile ya maji inayouzwa agroveti, duka la pembejeo za kilimo, robo ya kipimo kilichoandikwa, kila baada ya wiki mbili.

Baridi ya Julai niliiogopa sana, usiku naisogeza mbali na kioo. Kumbe mmea huu husukumwa kuchanua na majuma kadhaa ya ubaridi wa wastani. Mwisho wa Agosti kitu cha kijani kikachomoza chini ya jani la pili. Mzizi mpya ncha yake ni ya mviringo na laini. Hiki kilikuwa bapa, kama glavu ya mtoto mchanga. Kikonyo cha maua! Nilimwita mume wangu kutoka jikoni. Ua la kwanza lilifunguka katikati ya Novemba, yakafika tisa, na yakakaa hadi mwisho wa Februari.

Anayetaka harufu asinunue hii, yangu haina kabisa. Na tafadhali, mtu akikuletea okidi zetu za asili zilizong'olewa porini, kama ile ya madoadoa ya chui, Ansellia africana, kataa hata akikupa kwa bei ya bure.

Machi sikuking'oa kikonyo cha zamani. Nilihesabu vifundo kutoka chini, nikakata juu kidogo ya cha pili. Sasa ni Juni, na kwenye kifundo hicho kuna tawi lenye matumba matano, la kwanza limefika ukubwa wa punje ya njegere. Nimelishikiza kwenye kijiti kwa kibanio cha nywele cha binti yangu.