Kundi la WhatsApp la Majirani: Hodari kwa Taarifa, Dhaifu kwa Ujirani

WhatsApp ilianzishwa mwaka 2009 kwa ajili ya watu ambao tayari wana namba za simu za wenzao, na hilo si la kusahau pale tunapoipima kama chombo cha majirani. Kazi yake ni kuendeleza mazungumzo ya wanaojuana. Kwa kazi hiyo makundi yake yanafaa sana. Taabu huanza pale mtaa unapotaka kundi lichukue nafasi ya salamu za mlangoni.

Mtu akiandika asubuhi, "Jamani, nani ana ngazi ndefu aniazime?", hujibiwa kabla hajamaliza kuvaa viatu. Akienda kuichukua, husimama mlangoni akiongea na mwenye ngazi kuhusu paa linalovuja, fundi anayeaminika na kijana wa nyumbani anayetafuta kazi, na siku ya kuirudisha mazungumzo huendelea pale yalipoishia. Mwaka 1973 mwanasosholojia wa Marekani Mark Granovetter alionyesha kwamba habari za kazi mara nyingi hutufikia kupitia watu tunaofahamiana nao kwa mbali, kwa kuwa rafiki wa karibu aghalabu anajua yale yale tunayoyajua sisi. Mwenye ngazi ni mtu wa aina hiyo hasa, na kundi likimleta mlangoni limefanya kazi yake vizuri kabisa.

Kuhusu ukubwa, sina sifa za kutoa. Mwaka 2022 kikomo cha kundi kilipandishwa hadi watu 1,024, idadi ambayo mtaa hauna haja nayo. Katika kundi la watu 30, mgonjwa asiyeandika chochote kwa wiki nzima ataulizwa yuko wapi. Katika kundi la mamia, kimya chake hakimshtui mtu. Mpangilio wa kuruhusu wasimamizi pekee kuandika, ulioongezwa mwaka 2018, hupunguza kelele lakini hugeuza kundi kuwa ubao wa matangazo. Kura za maoni ni nzuri kwa kuchagua siku ya kusafisha mtaro, ingawa majina ya waliopiga huonekana na wapo wanaosubiri kuona wakubwa wameelekea wapi.

Kasoro kubwa ni ugomvi na uvumi. Malalamiko ya muziki wa usiku, ambayo mlangoni yangemalizwa kwa "samahani, tutapunguza", yakiandikwa kundini hupata hadhira, na mbele ya watu 80 ni nadra mtu kukubali kwamba amekosea. Sauti ya upole haionekani katika maandishi, na ndiyo maana ujumbe wa sauti, pamoja na urefu wake unaochosha, huwa salama zaidi kwa mambo ya namna hii. Tangu mwaka 2019 ujumbe unaosambazwa umewekewa kikomo cha mazungumzo matano kwa mara moja, hatua nzuri dhidi ya uongo unaotoka mbali. Uvumi wa mtaani, hata hivyo, hauhitaji kusafiri: anatosha mtu mmoja kuandika kwamba amemwona mgeni akizunguka na mfuko mkubwa, na jioni ibainike kuwa ni mpangaji mpya ambaye hakuna aliyemkaribisha. Hapo programu haina hatia, kwani waliompita bila kumsalimia walikuwa na macho na midomo yao.

Naipa nyota tatu kati ya tano. Mtaa ambao wakazi wake hawajawahi kukaa pamoja ungefanya vyema kuitisha kwanza kikao cha ana kwa ana, namba zichukuliwe hapo hapo, na usimamizi apewe mtu ambaye hata bila simu huwa anapita kuwajulia watu hali.