FreeBSD au Linux kwa mwanafunzi wa programu Dodoma?

Kila muhula swali hili hurudi kwenye vyumba vya kupanga vya Ng'ong'ona, jirani na Chuo Kikuu cha Dodoma. Zote mbili ni mifumo endeshi ya bure, lakini bando si bure. Ukishaweka FreeBSD, kompaila (kigeuza msimbo kuwa programu) ya Clang imo ndani. Tangu toleo la 10 la mwaka 2014 ndiyo iliyochukua nafasi ya GCC, kompaila nyingine. Unaandika lugha ya C usiku huohuo bila intaneti. Ubuntu, aina maarufu ya Linux, kwa kawaida itakudai upakue GCC kwanza.

Kwenye uhakika wa zana kufanya kazi mambo hubadilika. Lugha ya programu ya Rust inaiweka Linux ya prosesa za kawaida daraja la 1, FreeBSD la 2: inajengwa, ila majaribio yake hayana dhamana ileile. CUDA ya NVIDIA, zana ya kufanyia hesabu nzito kama za akili unde kwenye kadi ya michoro, haina toleo la FreeBSD kabisa. Tena kuna lugha ya Python. Maktaba zenye C ndani, ambazo kwenye Linux hushuka zikiwa tayari, pip (kisakinishi cha Python) kwenye FreeBSD hulazimika kuzikompaili palepale, na laptopu dhaifu huhangaika saa nyingi. Tafuta kwanza kwenye pkg, kisakinishi cha FreeBSD chenyewe, nyingi zimo tayari. Wengi hawalijui hili na hukata tamaa bure.

Msaada ukikwama? Mwongozo rasmi wa FreeBSD ni mzuri mno, lakini mwenzako wa kumgongea mlango huenda anatumia Linux.

Unayesoma C na mifumo endeshi, FreeBSD itakufungua macho. Mwenye mradi wa akili unde na tarehe ya kuwasilisha inabisha hodi, baki na Linux.