Huduma ya kukuandaa kwa ajira za serikali za mitaa: barua na usaili safi, kupanda daraja hapana (nyota 3)

Nililipia hii huduma baada ya kutuma maombi mara tisa bila kuitwa usaili hata mmoja, nikawa nimeshajiaminisha kwamba bila mtu wa ndani hupati. Siku ya kwanza tu mkufunzi akachukua tangazo moja, akanisomesha sifa na majukumu mstari kwa mstari, kila mstari ananiuliza barua yako inajibu wapi hapa? Hamna. Barua yangu ilikuwa ile ile moja nabadilisha jina la ofisi tu, na kuna mara nilisahau hata hilo, aibu jamani.

Anavyosema, mchambuaji wa maombi anapita na kalamu, sifa ipo anaweka vema, haipo anaweka mkasi. Ulikaa kaunta miaka miwili unahudumia watu ila hujaandika? Basi kwake hujawahi kukaa.

Mazoezi ya usaili ndo yalinikomboa. Watu watatu mbele yako, maswali yale yale kwa kila mtu, wanaandika alama hata hawacheki, ukisema "mimi ni mchapakazi" hupati kitu, wanataka siku gani, ulifanya nini, ikaishaje.

Sasa somo la mwisho la kukua kikazi, hapo walipuyanga. Eti ukiingia umeingia, utapanda tu. Mi niko ndani mwaka wa pili sasa, sio hivyo. Uhakika upo kama ni ajira ya kudumu na umemaliza muda wa majaribio ukathibitishwa, lakini wenzangu wa mkataba wa mradi hela za mradi zilivyoisha na wao wakaisha. Na kupanda daraja kunataka nafasi iwepo kwenye ikama (idadi ya watumishi iliyoidhinishwa) na bajeti iruhusu, so unaweza kuwa na vyeti vyote ukasubiri weee.

Mambo ya maana kanifundisha dada mmoja wa utumishi pale kazini, bure kabisa: usikatae kukaimu, soma muundo wa kada yako (ngazi za kazi yako na sifa zake) ujue mapema ngazi inayofuata inataka cheti gani, na idara ikibana chungulia nyingine, maana iwe ya taka, leseni, mipango miji au maktaba, mwajiri anaweza kuwa yule yule.

Niliwaandikia walirekebishe lile somo wakajibu wanalifanyia kazi. Rafiki yangu kamaliza juzi, kaambiwa utapanda tu.