Kamera mpya imezaliwa na pengo

Usinunue. Ningeishia hapo na nikalala usingizi wangu vizuri tu, ila najua mtauliza kwa nini, na najua pia kwamba nikifika katikati nitaanza kujipinga mwenyewe. Basi nivumilieni niseme lote.

Nina DSLR mbili, yaani kamera kubwa za kubadilishwa lenzi, zote za daraja la wanaoanza. Ya zamani ni Nikon D40, toleo la 2006. Niliipata kwa mtu miaka mingi baada ya hapo, raba ya mshikio imeshaanza kubanduka na mkanda umefifia mpaka maandishi hayasomeki. Ya pili ni ya kampuni nyingine na kizazi kingine kabisa, na hiyo utepe wa boksi niliukata mwenyewe. Jina lake nalihifadhi. Mwenye nayo akisoma ataitambua.

Kwa nini nilihama? Tamaa. Megapikseli 6 kwa 24 (megapikseli moja ni nukta milioni moja za picha), nani asingetamani? Hakuna aliyenikalisha chini akaniambia kwamba pikseli mara nne si picha kubwa mara nne. Upande mrefu unatoka pikseli 3,008 kwenda 6,000, yaani umeongezeka mara mbili tu. Picha ya D40 ukiichapa kwa nukta 300 kila inchi unapata karibu inchi 10 kwa 7 bila kuivuta hata kidogo. Na zile picha za ukutani ambazo wageni husimama kuzitazama, karibu zote zilitoka kwenye pikseli hizo hizo milioni sita. Haya, yamepita. Sifa nyingine za karatasini zitafuteni wenyewe, mimi nina kisa.

Shangazi yangu alitaka picha ya familia, ile moja kubwa, wajukuu wote na babu katikati. Watu wamevaa. Babu yuko ndani ya suti iliyonizidi umri. Mimi nimesimamisha flashi mbili kwenye stendi, moja ndani ya mwavuli mweupe. Siku moja kabla nilikuwa nimezijaribu na D40 na ziliwaka bila shida. Siku yenyewe nikasema hapana, leo tunatumia mpya, si ndiyo maana niliinunua? Nikachomoa triga juu ya D40, kile kidude cha redio kinachoiamuru flashi iliyo mbali iwake, nikakichomeka juu ya ile mpya. Kikaingia vizuri, kikakaza. Kitaa chake cha kijani kikawaka. Nikawaambia watabasamu, nikabonyeza.

Shata, ule mlango wa ndani unaofunguka kuingiza mwanga, ililia peke yake. Picha giza. Flashi zimesimama kama walinzi waliopitiwa na usingizi.

Nikabonyeza tena, giza. Kwenye triga kuna kitufe cha kujaribia, nikakibonyeza hicho: pa! Flashi zote mbili zikawaka, watoto wakashangilia. Shata: kimya. Kitufe: pa! Shata: kimya. Nikabadili betri. Nikabadili chaneli. Nikafuta miguu ya triga kwa pindo la shati, nikaichomoa na kuichomeka mara sijui ngapi, nikaingia kwenye menyu na kutoka, nikazima kila kitu na kuwasha upya. Jasho linanitiririka mbele za watu waliovaa vizuri.

"Mwanangu, imeshatoka?" shangazi akauliza.

"Bado kidogo, shangazi."

Mtoto mdogo kuliko wote akalala begani kwa mama yake. Kola zikaanza kulegezwa. Babu, ambaye tangu mwanzo alikuwa amekaa wima na mikono yote miwili juu ya mkongojo, akasema bila hata kugeuza shingo: "Mjukuu wangu, lete ile nyingine."

Nikaleta ile nyingine. Ikawaka mara ya kwanza. Picha iliyoko ukutani kwa shangazi leo ni ya D40, na ukiitazama kwa makini utaona yule mdogo bado amelala.

Usiku ule niliziweka kamera zote mbili mezani, chini ya taa, nikainamia vile vitako vya chuma vya juu, pale flashi inapochomekwa. Cha D40 kina reli zake mbili, na katikati kuna kidoti kikubwa kinachong'aa kwa kusuguliwa na miaka, halafu vidogo kando yake. Cha mpya kina reli. Vidoti vidogo vipo, vimejipanga kwa adabu. Katikati hakuna kitu. Nilipapasa kwa ncha ya kidole nikidhani kuna kifuniko wamesahau kukibandua. Hakuna kifuniko. Ni pengo, jino la mbele halipo na fizi imeshafunga.

Sasa wacha nieleze hicho kidoti ni nini, kwa sababu mimi mwenyewe nilikitumia miaka yote bila kukijali. Kamera inapofungua shata, inaunganisha pini ya katikati na chuma cha reli, basi. Ni kama swichi ya taa ya chumbani. Haina lugha wala haiulizi ukoo. Lugha ziko kwenye vile vidoti vidogo, na kila kampuni ina yake: vya Nikon havielewani na vya Canon. Lakini pini ya katikati ni ya wote, na imewekewa kiwango cha kimataifa, ISO 518. Ndiyo maana mtu anaweza kuokota flashi isiyo na akili yoyote, ya kampuni asiyoijua, akaichomeka kwenye kamera ya kampuni nyingine, na ikawaka.

Waliowahi kuasi wapo. Mwaka 1988 Minolta walibadili umbo la kitako chao, Sony wakalirithi, na mpaka 2012 ndipo walipoanza kurudi kwenye umbo ambalo watu wote wanalitumia. Ila wale angalau walibadili umbo! Flashi yako ya kawaida haingii, unajua tangu mwanzo kwamba hapa si kwenu. Hii yangu inakufungulia mlango, inakukaribisha, unakaa, unakaza skrubu, halafu ndiyo inakunyamazia. Mbele ya babu yako.

Nikampigia simu aliyeniuzia. Nilijitahidi kuwa mpole, nadhani kwa dakika nzima.

"Kaka, kamera yako ni nzima," akaniambia. "Hiyo siyo kasoro, ndivyo ilivyoundwa. Wewe tumia flashi za kampuni yenyewe."

Nzima! Nikamwambia ina pini iliyokosekana. Akasema haijakosekana, haikuwepo. Sentensi hiyo imekaa kichwani mwangu mpaka leo. Kisha akaniuliza, kwa ile sauti ya kumtuliza mtoto, kama nilisoma kitabu cha maelekezo. Nikakisoma, na ni kweli imo, kurasa za ndani kabisa: flashi zisizo za kampuni hiyo hazitawaka. Kwenye boksi, mahali ambapo wameandika megapikseli kwa tarakimu kubwa kama kidole gumba changu, hapakuwa na nafasi ya mstari huo.

Rafiki yangu mmoja fundi wa umeme aliitetea kampuni. Alisema zipo flashi za zamani ambazo pini yake inabeba zaidi ya volti 200, na ukizichomeka kwenye kamera ya kisasa unaweza kuiunguza, kwa hiyo huenda wanamlinda anayeanza. Kuhusu volti ana haki, na mwenye flashi ya zamani aipime kwanza kabla ya kuichomeka popote. Lakini mbona kamera za juu za kampuni hiyo hiyo zina pini? Hizo haziungui? Alinyamaza, akaomba tubadilishe mazungumzo.

Sasa hapa ndipo ninapoanza kujipinga, niliwaambia.

Wiki kadhaa baadaye dada yangu alijifungua. Nikaenda na kamera zote mbili, na flashi nikaziacha kwa makusudi, nani anammulika mtoto wa siku tatu? Chumba kina dirisha moja na pazia. D40 kiwango chake cha kawaida cha ISO (hapa ni wepesi wa kamera kuhisi mwanga, si kile kiwango cha pini) kinakomea 1600, na hapo vivuli vinakuwa kama mtu amevinyunyizia mchanga. Ile mpya nikaipeleka 3200 bila hofu. Mtoto amekunja ngumi chini ya kidevu, mwanga wa dirisha umemgusa shavu moja, vinyweleo laini vya mwili wake vinaonekana kimoja kimoja, na giza nyuma yake ni safi. Nilitazama kwenye kioo cha nyuma nikasahau kama nina ugomvi na mtu. Tena kioo chenyewe kinakuonyesha picha kabla hujaipiga, kitu ambacho D40 haikujaliwa. Inapiga video, D40 haipigi. Picha zilifika kwenye simu ya dada kabla sijavaa viatu. Siku ile mngeniuliza ningewaambia nunueni, nunueni mbili.

Na kuna ujanja pia, nikaugundua kwa kuhangaika. Kile kiflashi kidogo kinachochomoza juu ya kamera yenyewe kinafanya kazi. Flashi nyingi za stendi zina jicho linaloona flashi nyingine ikiwaka, nazo zinawaka papo hapo. Ukiiweka flashi ya stendi kwenye modi ya S1 itakosea, kwa sababu kamera hutoa mmweko mdogo wa kupimia kabla ya picha yenyewe, na flashi yako itaitikia huo wa uongo. Weka S2, nayo itaupuuza wa kwanza na kuitikia wa pili. Unashusha nguvu ya kile kidogo mpaka mwisho ili kisiwapaushe watu nyuso, na ndani ya nyumba mambo yanakwenda. Nimefanya hivyo mara kadhaa. Nikajiona nimeshinda.

Ushindi wa chumbani. Nikatoka nje na kijana aliyetaka picha moja tu ya wasifu wake, jua la saa sita liko utosini. Jicho la flashi halikuona kitu, jua limelipofusha. Nikaisogeza flashi karibu, ikawaka mara moja kati ya tano, kwa huruma yake. Na hata ingewaka, shata ya kamera hii ikiwa na flashi inakomea 1/200 ya sekunde. D40 inafika 1/500, na shata ikifunga upesi zaidi jua linaingia kidogo zaidi. Kwa aliye juani hiyo ndiyo tofauti ya mbingu ya buluu na mbingu nyeupe kama shuka. Kamera ya 2006! Nikaitoa begani, nikachomeka triga, pa, pa, pa, tukamaliza kijana hajaanza hata kukunja uso.

Hasira ikarudi yote, na riba juu.

Hii ni kamera ya wanaoanza. Hilo ndilo linalonikera hata nikitulia. Anayeanza ndiye hana uwezo wa flashi yenye chapa. Ndiye anayeokota flashi ya kampuni nyingine na triga ya bei ya chini, anasimama sebuleni na mwavuli uliovunjika mbavu moja, anajifunza mwanga unatoka wapi na unaenda wapi. Mimi nilijifunza hivyo hivyo. Tena kwa miaka kadhaa nimekuwa nikiwaambia vijana waazime triga yangu wajaribu, maana inaingia kamera yoyote. Yoyote, nilikuwa nasema, na kidole nimekiinua!

Kama hutawahi kushika flashi maishani, ichukue, utafurahi kama nilivyofurahi kwa dada. Lakini unajuaje kwamba hutawahi? Mimi siku nakata ule utepe sikujua kama kuna pini. Kabla ya kulipa igeuze kamera, itazame kitakoni. Muuzaji akikushangaa, mwache ashangae.

Mwezi uliopita hivi niliamua kuiuza. Ili tangazo lipendeze, nikaiweka juu ya kitambaa cheusi, flashi upande, mwavuli juu, nikaipiga picha kwa D40. Ilitoka nzuri mno, nikakaribia kuinunua tena mimi mwenyewe. Chini nikaandika ukweli wote: haijaanguka, haina mkwaruzo, haina pini ya katikati.

Wa kwanza kunijibu aliandika: "Pini gani?"

Nikamwandikia aya tatu. Hakurudi. Kamera bado ninayo, mpwa wangu ameshafikisha miezi kadhaa, na dada anataka picha nyingine.